Kadi ya Ghali au Kadi ya Kawaida: Swali la Msafiri wa Bunia

Leo tuzungumze habari za kadi za benki, zile zenye alama ya Visa au Mastercard, na hasa jambo moja linalowasumbua wafanyabiashara wetu wanaovuka mipaka: mtu achukue kadi ya daraja la juu, yenye ada kubwa na raha nyingi za safari, au abaki na ile ya kawaida yenye ada ndogo?

Swali limeletwa na mama mmoja anayeuza vitenge na viatu. Yeye huenda Kampala mara kwa mara, na Dubai au Guangzhou kila mwaka. Benki yake imempigia simu. Wamemwambia: Mama, mteja wa kiwango chako hafai kubaki na kadi hii ya kawaida, tukupe ya juu, utapumzika kwenye ukumbi wa wakubwa pale uwanja wa ndege, utakuwa na bima, utapata na pointi. Wakati huohuo mtoto wa dada yake, anayeishi Marekani, anamwandikia kwenye WhatsApp kwamba yeye alikuja mpaka Entebbe kwa tiketi ya pointi, hakulipa kitu ila kodi za viwanja. Kwa hiyo mama anauliza: kama mtoto anasafiri bure kwa kadi, mimi kwa nini nibaki nyuma?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aende zake kazini. Mama, baki na kadi yako ya ada ndogo. Na huyo mtoto wa dada yako, kadi anayoisifu si lazima iwe ile ya bei kubwa kuliko zote. Ila sababu zenu wawili hazifanani hata kidogo, na aliyebaki redioni anisikilize nizieleze.

Tuanze na pointi zenyewe, maana watu wengi huzipokea kama zawadi bila kuuliza nani amelipa. Ukilipa dola 100 kwa kadi katika duka la Chicago, mwenye duka hapati dola 100. Anapata 97 na kitu, au 98. Zile mbili tatu zinazokatwa hugawanywa kati ya benki ya duka, mtandao wa kadi kama Visa, na benki iliyokupa wewe kadi, na huyo wa mwisho ndiye mwenye fungu kubwa. Kutoka katika fungu hilo ndipo anakumegea pointi. Mchezo wa maili za ndege ulishika kasi na American Airlines mwaka 1981, ilipoanzisha AAdvantage kwa ajili ya abiria wake wa mara kwa mara. Mwaka 1987 Citibank ikaunganisha kadi yake na maili hizo, na tangu hapo mtu anaweza kukusanya maili za ndege akiwa amekaa kwake, ananunua unga na sabuni.

Ni kama matabisi ya mama muuza maharagwe. Akishakupimia bakuli anakuongezea konzi moja juu, nawe unafurahi. Lakini hiyo konzi ameshaihesabu tangu asubuhi alipopanga bei.

Na anayeilipia si wewe peke yako. Mwenye duka wa Marekani, akijua kadi zitamkata, hupandisha bei kidogo kwa wote, hata kwa yule anayelipa pesa taslimu na ambaye hapati pointi hata moja. Mwaka 2010 wachumi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston walipiga hesabu hiyo. Wakakuta kwamba kwa wastani kaya inayolipa taslimu inatoa dola 149 kwa mwaka kuwapa wenye kadi, na kaya inayotumia kadi inapokea dola 1,133. Maskini anamlipia tajiri tiketi ya ndege bila kujua. Nalisema hili si kumkataza kijana wetu asichukue pointi, achukue tu. Lakini asiseme ni za bure.

Ulaya walilitazama jambo hili wakaliwekea kamba. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: benki iliyotoa kadi isichukue kwa mwenye duka zaidi ya asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo, na 0.2 kwa kadi ya akaunti. Chungu kikiwa kidogo, na konzi inakuwa ndogo. Ndiyo maana ndugu yenu aliyeko Brussels, pale Matonge, hana hadithi za pointi kama za yule wa Marekani. Hajazembea. Sheria ya kwao imepunguza kile kinachogawanywa.

Sasa turudi Bunia. Pita boulevard de la Libération kuanzia mwanzo hadi mwisho, ingia duka moja baada ya jingine, uhesabu ni wangapi watakupokea kadi. Utalipa kwa dola za karatasi, kwa franka, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ada ya shule ya mtoto ni taslimu. Mafuta ya pikipiki ni taslimu. Mfuko wa saruji, gunia la mchele, kodi ya duka, vyote taslimu au simu. Hata tiketi ya ndege yenyewe: unaingia kwenye ajansi, unahesabu noti, karani anazinyanyua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, anarudisha ile iliyochanika pembeni hata kama tundu ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti, unatafuta nyingine, ndipo anakuandikia risiti kwa kalamu.

Katika maisha ya namna hiyo kadi inafanya kazi ya kutolea pesa kwenye mashine, basi. Na kutoa pesa kwenye mashine hakuleti pointi, kunaleta makato. Hakuna mwenye duka anayekatwa asilimia mbili, kwa hiyo benki haina chungu cha kukumegea. Mtu akikwambia kadi ya daraja la juu itakulipia safari kwa pointi ukiwa unaishi na kununua hapa Ituri, mwombe akuoneshe hesabu kwenye karatasi, dola kwa dola.

Lipo na jambo jingine. Kadi ambazo wengi wetu tunabeba hapa si za mkopo kwa kweli, ingawa mtaani zote tunaziita hivyo. Zimefungwa kwenye akaunti yako, au ni zile watu wa benki wanaziita prépayée, unaweka pesa kwanza ndipo unatumia. Rawbank, Equity BCDC, TMB, wote wanazo za rangi mbalimbali. Zile mbili za mwisho siku hizi zina wenyewe Nairobi: Equity iliungana na BCDC mwaka 2020, na KCB ilinunua sehemu kubwa ya TMB mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo msishangae mkiona matangazo ya kadi yanafanana na ya Kenya. Kule mteja anapitisha kadi kwenye supamaketi, kwenye kituo cha mafuta, hospitalini. Tangazo linasafiri upesi, mashine za kulipia zinachelewa njiani.

Basi, kama pointi hazipo, kadi ya juu inauza nini kwa mtu wa Bunia? Inauza vitu vitatu: kikomo kikubwa cha pesa unazoweza kutoa au kulipa kwa siku, kiti kwenye ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, na bima ya safari. Huduma ya haraka kwa simu nayo wanaitaja, lakini hiyo nimuachie kila mtu ajipimie mwenyewe siku anapopiga namba hiyo.

Kikomo ni kitu cha maana, sitaki kukidharau. Tunajua watu wanaotoka hapa na mgonjwa kwenda Kampala au Nairobi, na hospitali inataka malipo kabla ya kufungua mlango wa chumba cha upasuaji. Kadi inayokataa kupitisha dola 2,000 usiku wa manane si kadi, ni plastiki. Lakini kabla hujanunua kikomo kwa ada ya mwaka mzima, uliza benki kama wanaweza kukupandishia kikomo cha kadi yako ya kawaida kwa wiki mbili za safari. Ni ombi la kawaida. Andika barua, weka tarehe ya kuondoka na ya kurudi, chukua nakala yenye mhuri.

Ukumbi wa mapumziko ndio unaowavuta wengi, na ndio unaonichekesha kidogo. Fikiria safari yenyewe ya mtu wa Bunia. Zamani wengine walipita Goma, wakapanda ndege ya Ethiopian pale pale. Uwanja wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, njia hiyo ikakatika. Sasa watu wanapita Kinshasa kwa ndege za ndani, au wanakwenda Entebbe: wachache kwa ndege ndogo, wengi kwa barabara ya taifa namba 27 kupita Djugu hadi Mahagi, wanavuka Goli, halafu basi la usiku hadi Kampala. Sehemu ngumu ya safari hii ni vumbi, vizuizi vya barabarani na hofu ya njia ya Djugu. Kwenye vizuizi hivyo hakuna ukumbi wenye viti vya ngozi. Kadi ya daraja la juu inaanza kukutunza baada ya wewe kufika Entebbe, ukiwa umeshateseka kiasi cha kutosha.

Sasa piga hesabu. Kuingia kwenye ukumbi kama huo kwa kulipa mlangoni mara nyingi ni kati ya dola 30 na 60. Mama anasafiri kwa ndege mara mbili kwa mwaka, tuseme anasubiri mahali mara nne kwa jumla. Mwuza kadi atamwambia: Mama, hiyo ni zaidi ya dola 150 unaokoa! Mimi namuuliza mama swali moja tu: kama kadi hiyo haipo, ungetoa dola 40 mfukoni mwako ili ukae saa tatu, ule mkate wenye jibini na unywe soda mbili? Kama jibu ni hapana, basi hujaokoa dola 40. Umeokoa bei ya ule mkate na soda. Kanuni hii itumieni kwa kila raha inayotajwa kwenye karatasi ya kadi: hesabu kwa bei ambayo wewe ungelipa, si kwa bei iliyoandikwa na anayeuza. Tena msafiri wa Ethiopian anayelazimika kusubiri Addis Ababa saa nyingi, kwa kuwa hakuna ndege ya mapema, mara nyingi hupewa hoteli na shirika lenyewe, kwa masharti yake. Uliza ajansi kabla ya kununua tiketi. Kitanda ni bora kuliko kochi.

Bima ndiyo yenye mambo mengi, na hapa naomba mnipe masikio. Ni kweli kwamba kadi nyingi za daraja la juu huja na bima ya safari, na kwa anayeomba viza ya nchi za Schengen, ambayo inataka bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, cheti cha bima ya kadi kinaweza kumpunguzia gharama. Lakini soma karatasi. Sharti la kwanza, kwa kadi nyingi, ni kwamba tiketi iwe imelipwa kwa kadi hiyohiyo. Na sisi tumesema tiketi za Bunia zinanunuliwaje: noti mezani, karani, dirisha, risiti ya kalamu. Mtu anaweza kubeba kadi ya dhahabu mwaka mzima, akapata ajali au mzigo wake ukapotea, akaambiwa kwa upole kwamba bima haikuwahi kuamka, kwa sababu tiketi haikupita kwenye kadi.

Sharti la pili ni vita. Mikataba mingi ya bima ya safari huondoa madhara yatokanayo na vita, uasi na machafuko. Ninyi mnaonisikia mnaishi katika jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Sihitaji kuwaeleza zaidi mstari huo mdogo wa mkataba una maana gani kwa mtu anayeanza safari yake hapa. Ukitaka bima ya kweli ya matibabu kwa safari ya Dubai au China, unaweza kuinunua yenyewe kwa siku za safari tu, na ukajua umelipia nini.

Niende Dubai sasa, maana pale ndipo makuta ya watu wetu yanapotelea, na hakuna kadi ya ghali inayowakinga. Uko Deira, umechagua bidhaa za dirham 1,000. Muuzaji anakugeuzia mashine. Kwenye kioo kuna vitufe viwili: kimoja kimeandikwa AED 1,000, kingine USD 286. Mkono wa Mkongomani unakimbilia dola, kwa sababu dola ndiyo tuliyoizoea, tunaijua, tunaihesabu usingizini. Usiguse hapo! Dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa 3.6725. Gawanya 1,000 kwa 3.6725, utapata dola 272 na senti 29. Ile 286 kwenye kioo imeshaongezwa karibu asilimia 5, na nyongeza hiyo inagawanywa na mwenye duka na kampuni ya mashine. Hata benki yako ikikutoza asilimia 3 kwa kubadilisha pesa, utafika dola 280 na nusu, bado uko chini. Chagua dirham kila mara. Kampala chagua shilingi, Guangzhou chagua yuani. Anayefanya hivyo kwa kadi ya kawaida atarudi na pesa nyingi kuliko anayebonyeza dola kwa kadi ya juu yenye pointi.

Guangzhou nako kuna habari zake. Wauzaji wengi wa masoko ya jumla hawapendi kuona kadi ya plastiki. Wanataka msimbo wa simu, Alipay au WeChat. Tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na programu hizo. Malipo ya hadi yuani 200 hayana makato, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Yafaa kwa teksi, chakula na hoteli ndogo. Kwa mzigo wa kontena haifai, maana asilimia 3 ya dola 20,000 ni dola 600, na hakuna pointi zitakazofidia hapo. Mzigo mkubwa hulipwa kwa hawala ya benki, na hawala ya benki haileti pointi za kadi. Basi mama wa vitenge, ile pesa yako kubwa, ambayo mwuza kadi anaitolea macho, haitapita kabisa kwenye kadi. Itakayopita ni ya kula na kulala.

Na kulala kuna mtego mdogo. Hoteli nyingi za nje hushika dhamana kwenye kadi unapoingia, dola 100 au zaidi, na huiachia siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Kwa mwenye kadi ya mkopo, wanashika pesa ya benki. Kwa mwenye kadi ya akaunti au prépayée, wanashika pesa yake mwenyewe, ile aliyotaka kununulia viatu. Uliza mapema, ulipe dhamana taslimu kama wanakubali.

Tumgeukie kijana wa Marekani, maana naye ni wetu, na hizi tiketi zake ndizo zinazomleta nyumbani kwenye matanga na harusi. Kule uchaguzi ni wa kweli kabisa. Benki ya Chase inatoa kadi mbili za safari: Sapphire Preferred ya dola 95 kwa mwaka, na Sapphire Reserve, ambayo tangu Juni 2025 ni dola 795. Capital One inazo Venture ya dola 95 na Venture X ya dola 395. Kadi hizi zote nne hazitozi makato ya kubadilisha pesa nje ya nchi, wakati kadi nyingi za bure hukata asilimia 3. Hiyo peke yake inazifidia dola 95 kwa mtu anayekuja Uganda na Kongo akatumia dola elfu chache.

Kati ya Preferred na Reserve kuna tofauti ya dola 700. Reserve inarudisha dola 300 kwa matumizi ya safari, na hiyo ni pesa ya kweli, inarudi hata kwa basi au teksi. Zinabaki dola 400 ambazo kijana lazima azipate kwenye kumbi za mapumziko, pointi za ziada na kuponi za hoteli na migahawa ya kifahari. Kijana anayefanya kazi ya ghala usiku, anayetuma pesa nyumbani kila mwezi, atakula lini kwenye migahawa hiyo? Kwa Preferred anakusanya pointi zilezile na anaweza kuzihamishia United au Air Canada. Mashirika hayo ya ndege yamo katika muungano wa Star Alliance, ambamo Ethiopian iliingia mwezi Desemba 2011, na Brussels Airlines miaka miwili kabla. Kwa maili za shirika moja unapata kiti kwa wenzake, ndipo tiketi ya Entebbe inapopatikana. Mlango wa kwenda nyumbani unafunguliwa na kadi ya dola 95.

Venture X nitaitendea haki. Inarudisha dola 300 kwa safari zinazonunuliwa kupitia tovuti ya Capital One yenyewe, na inaongeza maili 10,000 kila mwaka wa kulipa ada, ambazo zinaweza kulipia safari ya dola 100 hivi. 300 na 100 ni 400, ada ni 395. Kwa mtu ambaye angenunua tiketi kule kwa vyovyote, kadi hiyo inajilipia. Anayesahau kuitumia mwaka mmoja amekula hasara.

Chambo cha mwanzo nacho kinatia watu wazimu. Reserve ilipozinduliwa Agosti 2016, ilitoa pointi 100,000 kwa mteja mpya. Watu walijaa hata chuma cha kutengenezea kadi kikaisha, wengine wakapewa za plastiki kwa muda. Mkuu wa JPMorgan, benki mama ya Chase, Jamie Dimon, alisema mwishoni mwa mwaka huo kwamba kadi hiyo ingepunguza faida ya robo moja kwa dola milioni 200 hadi 300. Mwanzoni mwa 2017 pointi hizo za mwanzo zikakatwa nusu. Ada, iliyoanza kwa 450, ikapanda 550 mwaka 2020, sasa 795. Benki ilijua inasubiri nini.

Na hayo yote yanafutika ukibeba deni. Riba ya kadi za mkopo Marekani ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Dola 1,000 usizolipa kwa mwezi mmoja zinazaa riba ya dola 17 hivi. Maili ulizopata kwa kutumia dola hizo 1,000 zina thamani ya dola 20 hivi. Mwezi wa pili umeshaanza kulipia tiketi ya mtu mwingine. Kijana asiyeweza kumaliza bili yake yote kila mwezi asichukue kadi yoyote ya pointi, ya ghali wala ya rahisi. Mama, umwandikie hivyo kwenye WhatsApp, wewe atakusikia.

Je, hapa Bunia hakuna anayefaa kuchukua kadi ya juu? Yupo. Mkuu wa shirika anayepanda ndege kila mwezi na kulipiwa hoteli nje, mfanyabiashara anayeagiza tiketi zake kwenye intaneti na kuzilipa kwa kadi mwenyewe, mtu mwenye mgonjwa wa kudumu anayetibiwa Nairobi. Hao kikomo na bima vitawafaa kweli. Ni wachache, na wengi wao wanajijua.

Kwa wengine wote, zipo maili ambazo hazihitaji kadi. ShebaMiles ya Ethiopian na Skywards ya Emirates ni programu za maili unazojiunga nazo bure. Namba yako ya uanachama impe karani wa ajansi na usimame pale uone ameiandika kwenye tiketi, kwa sababu akisahau ndege itaondoka na maili hazitaandikwa. Vipande vya kupandia ndege usivitupe. Programu nyingi hukuruhusu kudai maili zilizosahauliwa, lakini zinataka ushahidi. Tiketi za bei ya chini kabisa huzaa maili kidogo, hilo lijue, ila safari ya Guangzhou ni ndefu, na kidogo cha safari ndefu si haba.

Mama wa vitenge, na wote waliopigiwa simu kama yeye: kabla ya kusema ndiyo, nendeni kwenye tawi lenu, muombe vitu viwili kwa maandishi, orodha ya makato yote ya kadi mnayopewa na mkataba wa bima yake. Wakiwaambia havipo, mmeshapata jibu. Wakiwapa, nendeni navyo nyumbani, mtafuteni mwanafunzi wa chuo anayesoma Kifaransa vizuri awasomee mstari kwa mstari, na msitie sahihi siku hiyohiyo.